Wifi Yangu na Vishikizo Ishirini na Viwili

Wifi yangu ni fundi cherehani, na ni mtu wa kumchosha mwenzake hadi roho. Nina haki ya kusema. Nimeolewa na kaka yake huu mwaka wa thelathini na moja, na muda wote huo hajawahi kuingia nyumbani kwangu bila kunivuta mkono wa gauni, akakagua mshono, kisha akauliza, "Nani kakushonea hili, adui yako?"

Binti yangu wa pili ndiye mwimbaji. Nyumbani tulimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake, na jina likamfuata hadi kwenye mabango. Alipotoa albamu mpya na kutangaza ziara ya miji kumi na miwili, kwenye zile kumbi kubwa zinazochezewa mpira wa kikapu, kampuni ilimletea wavalishaji wawili waliosomea kazi. Akawakataa. Alisema atavalishwa na shangazi yake aliyemshonea sare ya shule, basi, mjadala umefungwa.

Kazi yenyewe ni hii. Baada ya wimbo wa nne taa zinazimwa, Chiriku anashuka chini ya jukwaa, na wifi ana dakika moja ya kumvua suruali na kumvika gauni la rangi ya fedha. Gauni hilo lilikuwa na zipu. Zipu ikakatika mji wa tatu, wifi akaing'oa kwa hasira na kuweka vishikizo ishirini na viwili, vile vidogo vya chuma vya kunasisha kimoja kimoja mgongoni. Akimaliza, Chiriku anakanyaga kibao, kibao kinapanda naye hadi juu, taa zinawaka, watu wanapiga mayowe. Wifi anabaki chini gizani na suruali mkononi.

Miji kumi na mmoja hajaona hata wimbo mmoja. Wala si ziara hii tu. Tangu mtoto anaimba kwenye sherehe za shule, wifi yuko nyuma ya pazia na pini mdomoni. Mtaani kwake wakimuuliza mtoto anaonekanaje akiwa jukwaani, anajibu "vizuri," halafu anabadilisha mazungumzo. Siku moja akanipigia simu akalia. Wifi yangu mimi, kulia! "Nitazeeka naujua mgongo wake tu," akaniambia.

Nikampigia Chiriku, nikamfokea kama vile hana mabango. Tukakubaliana: onyesho la mwisho, linaloanza saa tisa mchana, shangazi atakaa kitini pamoja nami, mstari wa pili, aone mwanzo hadi mwisho. Gauni litafungwa na msusi wa Chiriku, mama mzima mwenye vidole vyepesi.

Wiki nzima wifi akamfundisha. Anza kiunoni, maana kiuno ndicho kinachobeba gauni. Ukifika cha kumi mguse apumue. Usivute, nasisha. Hadi msusi akaja kwangu kulalamika. "Mama, nimesuka vichwa miaka ishirini, sijawahi kusimangwa namna hii."

Siku ikafika. Wifi alipendeza, nakiri, ingawa sikumwambia. Kadi yake ya kupitia nyuma ya jukwaa, ile ya kuvaa shingoni, alimwachia msusi. Tukakaa. Chiriku akatokea, ukumbi ukalipuka, na mwanamke wa mbele yetu akainua simu akarekodi kila kitu, ikabidi nimtazame mtoto niliyemzaa mwenyewe kwenye kioo cha mtu. Mimi damu inachemka, wifi hata hajali.

"Pindo limeshuka kushoto," akaninong'oneza.

"Wifi, sikiliza wimbo."

"Si nasikiliza? Hebu ona goti, suruali inambana."

Wimbo wa pili, pindo. Wa tatu, ukosi. Wa nne akanishika paja akaniuliza kama na mimi naona uzi unaning'inia. Uzi! Kutoka mstari wa pili! Nilitamani kumziba mdomo kwa leso.

Taa zikazimika. Hapo ndipo niliposikia kando yangu, "Moja. Mbili. Tatu." Kwa sauti kubwa, kama mwalimu wa chekechea. Watu wakageuka.

"Unahesabu nini wewe?"

"Mimi? Sihesabu kitu. Tisa. Kumi. Pumua, mama. Kumi na moja."

Nikaachama. Kumbe ndivyo anavyofanya kila siku kule chini, na mwenyewe hajui! Amemfundisha msusi kila kitu isipokuwa hicho. Baadaye Chiriku alituambia kwamba kule chini ni giza tupu, ngoma zinapigwa juu ya kichwa, na yeye husubiri tu kusikia "ishirini na mbili" ndipo akanyage kibao. Siku hiyo msusi alikuwa kimya, anafunga kwa adabu zake zote. Chiriku akasubiri, akaona dakika inakwisha, akakanyaga.

Wifi alikuwa amefika kumi na sita taa zilipowaka. Mwanangu akatokea ameshika kipaza sauti kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alilishika gauni kifuani, maana mgongoni lilikuwa wazi toka katikati hadi shingoni. Watu wakadhani ni mtindo, wakashangilia.

"Ametoka amefungwa kumi na tano tu!" wifi akapiga kelele, akaruka magoti ya watu hadi kwenye uzio wa mbele ya jukwaa.

Mlinzi akanyoosha mkono. "Kadi, mama."

"Kadi anayo msusi."

"Samahani mama, bila kadi hupiti."

"Mji wa tano nilikushonea suruali iliyokupasukia makalioni, leo hunijui?"

Watu wa karibu wakacheka, mlinzi akainamisha uso. Chiriku akatuona. Akaja akiimba hadi ukingoni, akaketi pale pale, ametupa mgongo. Mlinzi naye, aibu imemshinda, akapiga goti moja na kumpa wifi bega la kukanyagia. Wifi akapanda, akaanza kufunga. Skrini kubwa ikaonyesha uso wa mwanangu, kicheko na machozi vinagombana, na sauti haitetereki. Watu elfu kumi na mbili waliuona uso ule. Wifi aliuona mgongo.

Hakurudi kitini. Chiriku alimvuta juu, wakapotelea chini pamoja kwa sababu msusi alikuwa analia na nguo tatu bado hazijavaliwa. Nikabaki na kiti kitupu nimewekea mkoba. Nilikasirika wimbo hadi wimbo.

Onyesho lilipokwisha nikawakuta chumba cha kuvalia, wifi ameketi juu ya sanduku la nguo anachomoa pini. Nikawapasukia wote wawili. "Nyimbo nne! Miaka yote hii, umeona nyimbo nne, na zote ulikuwa unaangalia pindo!"

"Nimesikia, wifi, usiniongezee," akasema.

Chiriku alikuwa na fulana kuukuu na kandambili, rangi ya macho imefutika upande mmoja. Akasimama mbele ya shangazi yake, hatua moja tu, akaanza ule wimbo anaouimba na gauni la fedha, polepole, bila ala. Wifi akamtazama. Nikaona mkono unanyanyuka taratibu kuelekea bega la ile fulana. Akaurudisha, akaikalia mikono yote miwili, halafu akafumba macho kabisa.

"Wewe!" nikamwambia. "Si ndicho ulichokuwa unalilia? Fumbua macho umwone mtoto!"

"Niache, wifi," akasema, machozi yanapenya kwenye kope. "Nikifumbua naona mishono."