Pombe ya Siku ya Fidia

Mwenye harusi kijijini Ihembe, miaka ile ya themanini, alimtafuta kwanza Gaspari Hategekimana, halafu ndipo akaenda kwa padre. Padre aliweza kuchelewa na watu wakamsubiri. Lakini harusi ambayo pombe yake haikukamuliwa na Gaspari, wageni waliondoka mapema, kila mmoja akidai kuna ng'ombe amemwacha nje.

Alikuwa kibarua tu. Baba yake alivuka kutoka Rwanda akiwa na mkeka mmoja, na huo mkeka ndio urithi alioachiwa Gaspari. Msimu wa kahawa alipakia magunia Omurushaka. Miezi mingine alilima vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba na kahawa. Ila hakuna aliyemjua kwa jembe. Walimjua kwa miguu yake. Akiingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, lile gogo lililochongwa tumbo, ndizi mbivu zimelala humo pamoja na nyasi, alianza taratibu kama mtu anayepima ubaridi wa maji. Kisha kisigino kikazunguka, vidole vikabana, na mramba ukaanza kuchuruzika, juisi safi, tamu ya kumfanya mtu asahau alichokuja kusema. Wengine walikanyaga ndizi. Gaspari alizibembeleza mpaka zikatoa zenyewe.

Kazi hiyo ilifanywa na mguu wa kulia. Wa kushoto ulisindikiza. Na ni huo wa kulia uliopandwa na lori la Elpidius lilipokuwa likirudi nyuma, asubuhi moja ya mwezi wa saba, Gaspari akiwa anafunga turubai.

Elpidius alikuwa mnunuzi wa kahawa, na lori lake aliliendesha mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alimbeba Gaspari mpaka hospitali ya misheni, akalipia kitanda na dawa, akarudi mara mbili na mikate. Plasta ilipofunguliwa, mguu ulitoka humo mwembamba na mweupe kama kitu kilichofukuliwa. Daktari alijaribu kuuzungusha pale kwenye kifundo, akauachia.

"Kutembea utatembea," akasema. "Kuzunguka, hapana."

Baada ya wiki chache Elpidius alileta mbuzi. Kisha akatuma ujumbe: Jumamosi angekuja na balozi wa nyumba kumi, Mzee Kaijage, wayamalize kinyumbani, mambo ya mahakama ya nini.

Speciose, mke wa Gaspari, alimfunga mbuzi nyuma ya nyumba, akarudi akijifuta mikono.

"Baba Evaristi, yule mbuzi ni pole. Usije ukasema umelipwa."

"Lakini ni mbuzi mkubwa."

"Hata angekuwa na ukubwa wa ndama. Pole ni pole. Fedha ya hospitali ilikwenda hospitali, wewe hukuila. Miezi uliyolala hapa bila kibarua, ukinikosoa ninavyopika, hiyo iko peke yake. Na mguu wenyewe, ambao haurudi tena, nao uko peke yake. Asije akavipika vyote chungu kimoja halafu akupakulie bakuli moja."

"Sheria umesomea wapi?"

"Kwa kaka yangu wa Kamuli. Mashine ya kukoboa ilimkata kidole, wakampa blanketi, akashukuru, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Blanketi limeshachakaa. Aliporudi kudai wakamwambia si yaliisha?"

Gaspari alielewa yote hayo. Kilichomshinda kuelewa ni vipi wageni wangekaa nyumbani kwake midomo mikavu. Jirani yake Yustus alikuja kusema atamkamulia.

"Wewe?" Gaspari akamwambia. "Wewe unakanyaga kama unaua nyoka."

Alhamisi, Speciose akiwa shambani kwenye maharage, Gaspari alishika nguzo ya kibanda akaingia mtumbwini. Ukungu ulikuwa haujatoka bondeni, na kwa kitambo kidogo, ndizi zikiwa zimempoza nyayo, aliamini mguu utamtii. Kisha akauagiza mguu wa kulia uzunguke. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama. Akakamua kwa ule wa kushoto, akapiga magoti akakamua kwa mikono, na mramba ulipotoka mchache na wenye makapi akauongeza maji. Akatia mtama, akafunika kwa majani ya mgomba, akaketi chini akihema.

Speciose aliporudi alitazama magoti ya mumewe, yametapakaa ndizi. Hakupiga kelele.

"Basi kwenye hiyo kesi umeshajishinda mwenyewe," akasema.

Jumamosi walikuja: Kaijage na daftari lake, Elpidius na koti lake, Yustus na majirani wawili. Shikamoo zikapita, kahawa za kutafuna zikazunguka kwenye kikapu kidogo, na pombe ikamiminwa. Kaijage akanywa. Alifumba macho muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akayafumbua.

"Ah," akasema. "Gaspari ni Gaspari."

Ndiyo adabu ya kule. Pombe ya mwenyeji haisemwi vibaya. Unaisifu, unaimeza, na kama lazima utapike, unatapika ukishavuka kibanja chake.

"Nzuri," wakasema majirani.

"Nzuri sana," akasema Yustus, akitazama chini.

Elpidius akanywa yake. "Na nani kakamua?"

Speciose alifungua kinywa amtaje Yustus. Gaspari akamtangulia.

"Mimi."

Elpidius akaweka kibuyu chini polepole, uso umemnawiri. "Basi Mungu mkubwa. Balozi, si mlinitisha kwamba mguu umekufa? Nimekuja hapa na hofu yangu, sikulala. Kumbe mguu umerudi kazini kabla yangu. Mimi naongeza mbuzi wa pili, tunywe, uandike yameisha."

Kaijage akafungua daftari. "Wazee mmeisikia pombe. Ina kasoro?"

Haina, wakasema. Haina kabisa.

Gaspari alikaa akisikiliza akisifiwa. Maisha yake yote alizipenda sauti hizo. Zilimfanya, katika nchi aliyozaliwa bila kumiliki hata tuta, awe mtu ambaye watu humtuma mtoto kumwita. Angenyamaza tu, jina lake lingebaki mahali pake, na mbuzi wa pili angefungwa pembeni ya yule wa kwanza. Halafu angekula nini? Alimtazama Speciose. Speciose hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anautazama mguu, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesemewa na wengine.

"Mbaya," Gaspari akasema.

"Mbaya nini?"

"Pombe. Balozi, ulikunywa yangu kwenye harusi ya binti yako. Hii ndiyo ile?"

"Gaspari, mgeni haulizwi hivyo."

"Leo hukuja kwa ugeni, umekuja kwa ubalozi. Ungeinunua?"

Kaijage aliangalia ndani ya kibuyu chake. "Nisingeinunua," akasema. "Ninaye nguruwe mmoja asiyechagua. Labda ningemnunulia yeye."

"Mimi yangu namwaga kidogo kidogo tangu mwanzo," Yustus akasema kwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, akasogeza mguu, na hapo chini palikuwa pamelowa.

Kicheko kikalipuka. Alicheka Speciose, wakacheka majirani, na Gaspari akacheka wa mwisho, akanyamaza wa kwanza.

"Ndio mguu wangu huo," akasema. "Huo mnaoumwaga."

Elpidius hakucheka. Alichukua kibuyu, akanywa tena, safari hii kama anavyong'ata kahawa ya mtu kabla ya kutaja bei. Akameza kwa shida.

"Kweli," akasema. "Mguu umekwenda." Akavua koti. "Haya, Mama Evaristi. Naona wewe ndiye wakili. Sema."

Speciose akasema, na kila kitu kikakaa kwenye chungu chake. Walibishana mpaka kivuli cha migomba kikahama upande wa pili. Elpidius alilia kwamba lori halijalipa hata matairi yake. Speciose akamwambia lori lina matairi sita, mumewe ana miguu miwili. Mwishowe wakakubaliana: ujira wa miezi aliyolala, hospitali juu ya Elpidius kila mguu utakapovimba, na kwa ajili ya mguu wenyewe, mistari ya mibuni mwisho wa kibanja cha Elpidius, kwa sababu kahawa huchumwa kwa mikono.

Kaijage akayaandika, akayasoma kwa sauti. "Ukishaweka dole hapa," akamwambia Gaspari, "umesema mguu umelipwa. Hutarudi tena kwa neno lingine."

"Soma tena pale mwisho."

"'Mhusika amelipwa na amepona.'"

"Andika nimelipwa," Gaspari akasema. "Kupona usiandike."

Kaijage akamtazama Elpidius. Elpidius akainua mabega. Kalamu ikakata neno lile, Gaspari akabonyeza dole lake, akalifuta kwenye suruali.

Kabla jua halijazama walikwenda kuitazama hiyo mibuni, Elpidius mbele, Gaspari nyuma na fimbo yake, Speciose kando yake. Njia inateremka pale. Kila Elpidius alipoharakisha, Speciose alimwita amngoje mwenzake, naye akasimama, akangoja.