Ardhi Haikuwa Tupu

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, ofisini kwetu mtaa wa Al Mankhool, kule Uarabuni nilikokwenda kutafuta riziki, simu ilipolia nami nikaipokea kwa kuwa nilikuwa karibu nayo. Mwanangu, wewe uliyepata kazi ya kuandika juzi, nisikilize.

Kazi yetu ilikuwa kuandika kurasa za mtandaoni kuhusu kaunti za mashambani huko Marekani: jina limetoka wapi, nani walitangulia kukaa, wanalima nini. Wateja wetu walikuwa madalali wa ardhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Mimi nilisoma kila nilichopata, na kuhusu kaunti moja ya mahindi na ng'ombe niliandika kwamba ng'ambo ya mto palikuwa na kijiji cha watu weusi waliotoka utumwani, wakanunua ardhi kwa fedha zao, kisha wakafukuzwa. Arbab, ndivyo tulivyomwita bosi wetu, alisoma akakunja uso. Mnunuzi wa shamba hataki huzuni, alisema, toa. Mahali pake niweke kwamba ardhi ile ilikuwa tupu mpaka wakulima wa sasa walipofika. Nikaandika hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na viza yangu ilikuwa mkononi mwake.

Aliyepiga simu alikuwa bibi mmoja wa kaunti ile ile. Kwao ilikuwa asubuhi. Hakugomba. Alieleza kwamba babu zake wamezikwa ng'ambo ya mto, kwamba siku ile ile baraza la kaunti lingeamua kama eneo hilo liuzwe, na kwamba dalali amechapisha ukurasa wetu kulionyesha baraza kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

"Mwanangu," aliniambia, "nani alikwambia hatukuwepo?"

Nilimfuata arbab mlangoni, funguo za gari tayari ziko mkononi mwake, nikamweleza.

"Huyo amelipa nini? Khalas, yamekwisha. Wewe unalipwa kuandika, hulipwi kulinda makaburi."

Bi Rukia, mama wa Kizanzibari aliyekuwa akipandisha kurasa zetu mtandaoni, alingoja mpaka nikaketi.

"Kwenu kisiwani Pate, siyo?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

"Na kila siku unatupigia kelele hapa kuhusu kitabu cha shule kilichosema kwenu hakukuwa na kitu mpaka wageni walipokuja. Basi aliyekiandika alikuwa kama wewe. Kijana wa mbali, ana mshahara wake, ana bosi wake."

Nilimkasirikia yeye kwanza, kisha arbab, kisha nafsi yangu, na hasira hiyo haijanitoka. Kufukuza watu ni dhuluma. Kukaa kwenye kiyoyozi miaka mingi baadaye ukaandika kwamba hawakuwepo ni kuwafukuza tena, bila hata kuwatazama usoni. Nilirudisha maneno yangu yote, na Bi Rukia akayapandisha kabla hatujatoka.

Kesho yake bibi alipiga tena: baraza lilisomewa ukurasa uliorekebishwa, na uuzaji umesimamishwa mpaka makaburi yapimwe. Arbab alipogundua, nilisema nimefanya peke yangu. Akanifukuza na mshahara wa mwezi ule akauzuia.

Mwanangu, hakuna atakayekwambia waziwazi ufute watu. Watasema fupisha, punguza huzuni, mteja hapendi. Uliza waliotangulia kukaa pale ni nani, na ukishawajua usikubali kuwatoa. Mungu akupe riziki isiyowadhulumu wazima wala wafu, na kama ni lazima upate hasara, akujaalie iliyo nyepesi kama yangu: dirham elfu tatu na mia mbili.