Achari ya Mama Kwenye Maonyesho ya Kilifi

Aliyenipeleka kwenye maonyesho ya vyuo na kazi pale Kilifi ni ndugu yangu, binti wa mama mkubwa. Mimi sikutaka kwenda. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Yeye alipata alama za kuingia chuo kikuu, mimi nikazikosa kwa kidogo tu. Tangu utotoni sote wawili tulikuwa tukisema tutasomea biashara, na sasa kila alipolitaja neno hilo moyo ulinikereketa.

"Twende tu," akaniambia. "Kuuliza hakulipishwi."

Nikaenda na kinyongo changu. Yeye amekulia Malindi mjini, Kiswahili chake kinateleza. Mimi nikifungua kinywa, watu husikia Kakuyuni, kijijini kwetu. Siku hiyo alivaa viatu vipya vya ngozi. Mimi nilivaa vyangu vya shule, nimevipiga kiwi mpaka nikachoka mkono.

Ukumbi ulijaa meza za vyuo, benki, mahoteli na kampuni za mizigo. Nikaganda ukutani, nikawa namtazama anavyozunguka. Kila meza shikamoo, kicheko kidogo, kisha maswali: kozi hii inafundisha nini hasa, wanafunzi hupelekwa wapi kujifunza kazi, waliomaliza wameajiriwa wapi. Watu wazima walimjibu kana kwamba walikuwa wakimngojea. Bwana mmoja wa benki alimpa kadi yake bila kuombwa, akamwambia ampigie akitaka kuja kuona kazi. Nilitamani ajikwae, walau mara moja.

Tukafika kwenye meza ya chuo kimoja. Mhadhiri, mama wa makamo aliyevaa ushungi wa samawati, akamwuliza, "Na wewe ukiambiwa uanze leo, ungefanya biashara gani?"

"Achari," akajibu papo hapo. "Mama yangu mdogo hutengeneza achari ya embe kwake Kakuyuni. Msimu ukifika maembe huozea mashambani, yeye huyakata, huyaanika, huyatia chumvi na pilipili. Sokoni Malindi watu huigombania. Mimi ningeifikisha mahotelini. Ningeifikisha Mombasa."

Mama yake mdogo ni mama yangu mimi. Aliyekata maembe hayo ni mimi, aliyewashwa macho na pilipili ni mimi. Yeye alikuja kwetu wakati wa likizo, akachovya kidole na kulamba. Leo ndiye anayeisimulia, tena anaisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kuifikiria. Mombasa! Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitaja Mombasa. Damu ikanichemka.

Nilikuwa nimeshatayarisha neno la kumchoma nalo pale alipogeuka akanishika mkono. "Lakini mwenyewe ni huyu. Njoo dada, usijifiche."

Hata hasira yangu akaninyang'anya.

Mhadhiri akaniuliza tunawauzia kina nani zaidi. Nikasema wenye maduka ya pale sokoni, kisha nikababaika, maana sikuwahi kujiuliza wao humwuzia nani. Akaniambia hilo ndilo swali la kwanza la biashara, nilishike. Kisha akataka kujua kama nami nimeomba nafasi.

"Alama hazikufika," nikasema kwa sauti ya chini, huku namwangalia ndugu yangu kwa pembeni asije akanihurumia.

"Hazikufika shahada. Nani kakwambia huanzi na stashahada? Ukifanya vyema utaunganisha na shahada, na baadhi ya masomo hutayarudia."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Shuleni walitusomea alama, wakatuaga. Nyumbani, mama alijua tu kwamba nimeanguka, na mimi nikaamini. Kama nisingesimama mbele ya yule mhadhiri siku ile, pengine ningeamini hivyo mpaka leo.

Nilianza stashahada mwaka huohuo, kisha nikaunganisha. Siku hizi nafanya kazi ofisini kwa mfanyabiashara mmoja wa Malindi anayesambaza vyakula mahotelini, na achari ya mama imo humo. Yule bwana wa benki naye hakusahau: ndugu yangu alikwenda kwake kujifunza kazi, na alipomaliza chuo akachukuliwa moja kwa moja.

Yeye ndiye aliyetangulia kuhitimu. Tulikwenda wote, mama kavaa leso mpya. Jina lake liliposomwa akapanda jukwaani kwa mwendo uleule wa kujiamini aliozungukia nao meza za Kilifi, na watu wakamshangilia, hata wasiomjua. Mama akanigusa kiwiko. "Mbona umenyamaza? Si nduguyo huyo?"

Nikapiga vigelegele. Nilivipiga kwa nguvu zangu zote, na wivu ulikuwa palepale kooni.