Usiku Bibi Alipokataa Ugoro

Usiku ule nililala ubavu, maana kulala chali mimi sikujui tangu nikiwa msichana. Mgongo wangu umepinda mara mbili, juu umekwenda kulia na chini umerudi kushoto, na penye bega pameinuka nundu. Watu wenye adabu zao wananiita fundi, kwa sababu ya cherehani yangu. Wasio na adabu wananiita kibiongo, na hao nawashonea vilevile, ila nawabana kidogo kwapani. Kesho yake asubuhi nilikuwa naingia chumba cha upasuaji, ninyooshwe.

Mimi si mtu wa ndoto, nalisema hili mapema. Wenzangu wa kwaya wakianza kusimulia walivyooteshwa, mimi hutafuta sindano na uzi nikaendelea na kazi zangu. Kwa hiyo hii nisikilizeni vizuri, siyo kawaida yangu.

Mgongo nimeishi nao miaka hamsini na kitu bila kumsumbua mtu. Ila mwaka juzi mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi juu ya pedali, nakanyaga na sijui kama nimekanyaga. Pumzi nayo ikawa fupi, ngazi tatu tu nimeshika ukuta. Tukazunguka hospitali, mimi na binti yangu Rehema, mpaka tukampata daktari wa mifupa aliyekubali. Ni kijana, mpole, lakini maneno yake hayana sukari.

“Mama,” aliniambia, “nitakuwekea skrubu na vyuma viwili virefu. Lakini vyuma kazi yake ni kushikilia tu. Anayeunga ni mfupa wako mwenyewe. Mfupa usipounga, vyuma vitalegea au vitakatika, itabidi nikupasue upya, na safari hiyo miguu yako siiahidi.” Kisha akaniuliza, kalamu iko mkononi: “Unatumia tumbaku? Sigara, ugoro, chochote? Tumbaku inauzuia mfupa kuunga. Kama unatumia, lazima uache kwanza, tusubiri, ndipo tupasue.”

“Hapana, daktari,” nikasema. Rehema akacheka. “Mama? Huyu hata moshi wa sigara anaukimbia.” Daktari akaandika.

Sasa ukweli ni huu. Ugoro natumia tangu nina miaka kumi na sita. Hakuna aliyejua, si marehemu mume wangu wala Rehema. Nabana chini ya mdomo nikiwa chooni, nasukutua, natafuna karafuu, natoka naimba sauti ya pili. Aibu gani hiyo, mama wa kwaya na ugoro! Lakini haikuwa aibu peke yake. Nilikuwa nimengoja zamu yangu ile mpaka nimechakaa, na niliona waliorudishwa nyumbani kwa sababu ya presha au sukari wanavyopelekwa mkiani mwa foleni. Nikajiambia, bora nipasuliwe na uongo wangu kuliko nirudishwe na ukweli wangu. Mficha uchi hazai, methali naijua tangu utoto. Kuijua na kuifuata ni vitu viwili. Na jioni ya kuamkia upasuaji, wodini, kabla taa hazijazimwa, nilikwenda chooni nikabwia.

Ndiyo nikalala. Sijui nililala muda gani. Nilisikia mtu anakohoa miguuni pangu, kikohozi kikavu, mara mbili, halafu kimya. Kikohozi kile nilikijua kabla sijafumbua macho. Ni Bibi, mama mzaa mama yangu, aliyenilea huko Tabora vijijini, kwenye tumbaku. Bibi alikufa Rehema akiwa bado ananyonya.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kajifunga kitenge chake cha shamba, mikono myeusi kwa gundi ya majani ya tumbaku, ile isiyotoka hata kwa majivu. Wagonjwa wengine wamelala. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mgongo wangu, kama alivyokuwa akiuangalia nikiwa mdogo, akidhani sioni.

“Mke mwenza,” akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, utani wa bibi na mjukuu, kwa vile Babu aliniita mchumba. “Amka twende. Kuna kazi.”

Nikaamka. Na hapo ndipo nilipojua kuwa jambo si la kawaida, kwa sababu niliamka moja kwa moja, bila kujiviringisha, bila kushika chuma cha kitanda. Nikasimama, na nikaendelea kusimama. Nilikuwa mrefu, jamani! Nikatazama chini nikauona utosi wa Bibi, mvi zimegawanyika katikati, na kakovu kadogo ambako maisha yangu yote sikuwahi kukaona. Nikaanza kulia kwa furaha. Bibi hakuuliza ninalia nini. Anatangulia, mimi nyuma, tunapita katikati ya vitanda, na sakafu ya wodi inakuwa vumbi jekundu, vuguvugu, na tuko nyumbani.

Tunakwenda bani. Bani ni kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku kwa moto, mlango wake mdogo, kila mtu huinama kuingia. Utotoni mimi peke yangu sikuhitaji kuinama, na watoto walinicheka kwa hilo. Safari hii nikainama kama watu wote. Nilifurahi kuinama, wallahi, sikujua kama mtu anaweza kufurahia kitu kama hicho.

Ndani kuna joto na harufu tamu ya majani yaliyoiva. Majani yananing'inia kwenye fito mpaka juu darini, rangi ya asali. Katikati ya sakafu liko robota moja la tumbaku, limefungwa katani, limeshonwa vizuri, pembe nne sawasawa. Bibi anachuchumaa mbele yake. Ananyoosha mkono kulipapasa, halafu anautoa haraka.

“Lina joto,” anasema.

Aliyekulia kwenye tumbaku anaelewa neno hilo. Robota likiwa na joto, kuna jani bichi limefichwa katikati. Ni hila ya wavivu na wenye haraka: siku ya soko imefika, majani mengine hayajakauka, basi unayazungushia makavu mazuri kwa nje, unashona, unapeleka. Mnunuzi akipapasa juu anaona dhahabu. Huku ndani lile bichi linachemka taratibu, linaoza, na linayaozesha yote yaliyolizunguka. Bibi alikuwa hana msamaha na jambo hilo. Nilipokuwa na miaka tisa nilichapwa kwa ajili yake, mara moja tu, ikatosha.

“Nani kafunga hili?” anauliza.

Nilitaka kusema sijui. Ulimi ulishajiandaa. Nikatazama ile mishono ya katani na nikaona ni mishono yangu, ya mkono wangu, jinsi ninavyorudia mara mbili mwishoni ili uzi usifumuke. Kila mteja wangu anaijua.

“Mimi, Bibi.”

Akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu yake kama anayengoja. Moto unalia chini ya sakafu. Na mimi, kwa woga, nikafanya kile ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya mbele ya mkubwa wake aliyekufa. Nikafungua pindo la khanga, nikatoa ugoro, nikauweka kwenye kiganja, nikapiga magoti, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Kwetu marehemu akikumbukwa hutiliwa ugoro kidogo chini, pale mlangoni. Ukiota wamekuja, wape. Wakipokea, mambo yameisha. Tangu nizaliwe sijasikia hata siku moja mzimu uliokataa ugoro.

Bibi akaurudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

“Bibi, pokea.”

Akatikisa kichwa.

“Bibi, ni ugoro wako. Si wewe uliyenifundisha?”

Na ni kweli, alinifundisha yeye. Nilikuwa msichana, mgongo ulikuwa unakua vibaya, usiku naumwa mpaka nang'ata mkeka. Dawa hakuna. Hospitali iko mbali na hakuna aliyewahi kusikia kuwa mgongo unanyooshwa. Akaja gizani, akaniweka kidogo chini ya mdomo, akasema bana hapo, maumivu yatasinzia. Yakasinzia. Hakuwa na kingine cha kunipa, masikini, akanipa alichokuwa nacho.

Sasa ananitazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake yamejaa maji. Sikuwahi kumwona Bibi akilia, hata siku ya msiba wa Babu.

“Nilikupa mimi,” anasema. “Sipokei tena.”

Akapuliza kiganja changu. Ugoro wote ukaruka, ukanipata machoni, ukaniunguza, na huku najifikicha nahisi mgongo unaanza kurudi. Pole pole. Bega linapanda, mbavu zinakwenda upande. Nikasema Bibi, nishike, narudi chini! Nikasema nimengoja sana! Nasikia sauti yangu ni ya mtoto wa miaka tisa. Robota lipo mbele yangu na sasa linatoa mvuke katikati ya mishono, na ile harufu tamu imegeuka, ni harufu ya kitu kinachooza, na naijua inatoka wapi.

Bibi akaja nyuma yangu. Akaweka kiganja chake kwenye nundu, palepale, bila kinyaa, kama zamani akinipaka mafuta ya nyonyo. Mkono wake ulikuwa baridi. Akaniinamia sikioni.

“Lifungue wewe,” akasema, “kabla hawajalifungua wenye visu.”

Nikanyoosha mkono kushika uzi, nikavuta.

Nikaamka. Nimelala ubavu, shuka limelowa jasho, macho yananiwasha, mkono wangu umekamata ukingo wa godoro. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, mfagizi anakokota ndoo yake koridoni. Nililia, nasema kweli. Nililia kwa sababu nilikuwa mrefu na sasa si mrefu tena, na kwa sababu nilijua nitakachofanya, na sikutaka kukifanya.

Nesi akaja na gauni la kijani. “Mama, habari za kuamka? Wewe ndiye wa kwanza leo. Hujala kitu?”

“Sijala. Niitie daktari.”

“Utamkuta hukohuko ndani, mama, vaa tu.”

“Mwanangu, sivai. Niitie daktari.”

Daktari alikuja, na Rehema nyuma yake, ndiyo kwanza anafika, amebeba chupa ya chai ya kunywa yeye huku akinisubiri. Ningeweza kuomba atoke. Niliwaza hivyo. Halafu nikafungua mdomo wangu upesi kabla sijawaza tena.

“Daktari, nilikudanganya. Natumia ugoro. Jana jioni nimebwia, hapo chooni kwenu.”

Daktari aliangalia lile faili kama vile limemtukana. Nikamwona anahesabu kichwani: chumba kiko tayari, damu iko tayari, watu wamenawa mikono.

“Ugoro, mama?” Rehema akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

“Ugoro, mwanangu. Tangu kabla hujazaliwa.”

“Mbona hukusema siku ile?” daktari akauliza. “Na mbona unasema leo?”

Ningetunga neno la maana, lakini nilikuwa nimechoka kutunga. “Bibi yangu kanikatalia,” nikamjibu. “Alikuja usiku. Amekufa siku nyingi.”

Nilidhani atacheka, na nilikuwa nimeshajiandaa kumjibu. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akaniambia ningepasuliwa vile, huenda baada ya mwaka ningekuwa mezani tena, na mezani mara ya pili ndiko watu wanakoachia miguu yao. Akasema niende nyumbani, niache kabisa, si kupunguza, kuacha. Watanipima damu na mkojo wahakikishe, ndipo wanipangie siku nyingine. “Ukinidanganya tena,” akasema, “sitakupasua.”

“Na foleni?”

“Foleni unaanza upya, mama. Pole.”

Ilinichoma. Hata sasa nikisimulia inanichoma. Rehema alikaa kitandani, akanishika mkono, hakunigombeza. Alikuwa analia na anacheka pamoja, anarudia tu, “Mama na ugoro, jamani, mama na ugoro.” Nikampa khanga, nikamwambia afungue pindo mwenyewe, akamwage.

Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mama mmoja wa Kahama, amepinda kunishinda mimi, kidevu karibu kigusane na kifua. Zamu yake ilikuwa siku ya tatu kutoka ile, lakini naye alikuwa bado hajala kitu. Nesi alikwenda kumwambia kwamba ni leo, ni sasa hivi, na yule mama akaligeuza lile gauni la kijani huku na huku, akawa haoni tundu la mkono. Mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nikashuka kitandani kwa miguu yangu miwili, nimepinda vilevile, nikamvalisha.