Lalamiko la Kwanza kwa Mama Gideoni

Evelina, ambaye kiwandani wote walimwita Mama Gideoni, alizaliwa Lulindi katika nyumba ya watu wa kanisa na kwaya, akaolewa Newala. Kwa miaka mingi alibangua korosho katika kiwanda kidogo kilichokuwa njia ya Mkunya. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na meza yake ndiyo iliyokuwa na vicheko kuliko zote.

Kampuni ilipoleta kanuni za maadili, meneja, kijana wa Kagera aitwaye Charles, aliwasomea wafanyakazi uwanjani: kutoiba, kutopokea rushwa, kuheshimiana, kutomgusa mtu asiyetaka kuguswa. Kisha akawaambia wachague mmoja wao wa kupokea malalamiko. Walimchagua Mama Gideoni kwa vigelegele. Alirudi nyumbani akiimba.

Wiki zikapita, hakuna aliyekuja. Wa kwanza alikuwa Ethel, mama wa Mkunya aliyekaa mwisho wa meza yake. Alimkuta wakati wa chai, akijipaka mikononi mafuta ya nyonyo, ya kujikinga na maganda ya korosho.

"Shikamoo, Mama Gideoni."

"Marahaba, Mama Kobe wangu. Karibu ukae."

Ethel hakukaa. "Nimekuja kulalamika."

"Nani kakukosea?"

"Wewe, mama."

Mama Gideoni akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Ethel akaeleza taratibu. Tangu mafuta makali yatokayo kwenye maganda yalipomuunguza vidole viwili, vidole hivyo havihisi kitu. Akiharakisha, korosho zinavunjika, ndiyo maana huenda polepole. Jina la Kobe lilianzia kwa Mama Gideoni, likashika meza nzima, likatoka nje ya geti. "Juzi Glory wangu kaitwa mtoto wa kobe shuleni. Sasa hataki kwenda."

"Lakini ule ni utani tu, mwenzangu!"

"Utani una watu wake, mama. Watani wangu nawajua, wewe si mmoja wao. Nimekuja kwako kwa sababu umechaguliwa wewe. Ningekwenda kwa nani?"

Mama Gideoni alitaka kukasirika. Akaviangalia vile vidole, vyeusi kwenye ncha, na hasira ikamwishia. Alikuwa amekaa navyo meza moja siku zote hizo na hakuwahi kuuliza.

Jioni alikwenda kwa meneja. "Nimeletewa lalamiko. Aliyekosa ni mimi."

Charles alipolisikia, akatabasamu. "Hilo dogo, mama. Ombaneni msamaha yaishe."

"Si dogo, mwanangu. La kwangu likizimwa, la pili haliji."

Asubuhi, kabla kazi haijaanza, alisimama mbele ya wote akasema alichokifanya, akamwomba Ethel radhi. Hakuna aliyecheka. Charles akamhamishia Ethel kwenye meza ya kuchambua korosho kwa madaraja, ambako macho hufanya kazi kuliko vidole.

Lakini Mama Gideoni hakuona kama yameisha. Jumamosi alikwenda Mkunya. Glory alikuwa amejificha nyuma ya mama yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyempa mama yako lile jina. Nimekosa. Unisamehe."

Mtoto akafikiri. "Na wale wa shule?"

"Jumatatu tutakwenda wote."

Wakaenda kweli, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, kiganja cha Glory kikipata joto ndani ya kile kikavu cha bibi yake mpya. Mama Gideoni alizungumza na mwalimu, akasubiri dirishani mpaka mtoto alipokaa na kufungua begi lake.

Haikupita wiki, Nancy, binti wa meza ya jirani, akaja kukaa karibu naye wakati wa chai. Akamweleza kuhusu msimamizi anayemshika kila anapopita stoo. Jambo hilo lilianza mwaka jana.

"Mbona umekaa nalo muda wote huo, mwanangu?"

"Niliogopa utanitania."

Mama Gideoni akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. Wakainuka, wakaenda wote wawili kwa Charles. Msimamizi yule hakumaliza mwezi pale kiwandani.