Nilivyokimbizwa Hadi Segovia

Mtu akulipie nauli ya ndege kwenda Hispania, ukakimbie tu, kwa nini? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima kabla ya safari. Nililigeuza upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na mwiba wake.

Pilar nilijuana naye kwenye mbio za barabarani hapa Johannesburg. Mimi nilikuwa nimejitolea kugawa maji. Yeye, mama wa Kihispania mwenye goti bovu, alikuja akichechemea nyuma ya watu wote. Niliiacha meza ya maji nikamsindikiza polepole hadi mwisho, nikimpigia soga ili asikae chini. Baadaye akaniandikia kwamba ana kampuni ndogo inayowapeleka wageni wakikimbia kutoka mji hadi mji kwa njia za mashambani, mabegi yao yakienda kwa gari. Alitaka niende safari moja ya majaribio. Ikinifaa, kuna kazi ya msimu mzima.

Kazi! Nina shahada ya jiografia, na tangu nimalize chuo nimepokea simu kwa muda katika ofisi moja ya Sandton, kisha nikarudi mtaa wa Malvern kumsaidia mama mdogo kuuza vitenge. Tunaishi chumba kimoja mtaa wa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba. Kazi niliitaka. Niliyemwogopa ni yule anayeitoa.

"Wale wasichana waliopelekwa kufanya kazi hotelini, Zuhura, waliambiwa wanakwenda wapi?" mama mdogo aliniuliza huku akikunja vitenge.

"Hotelini."

"Haya basi."

"Nimemtafuta kwenye mtandao, mama. Kampuni yake ipo, na anwani ipo."

"Hata mwizi ana anwani, mwanangu."

Hata hivyo hakunizuia. Alikata kipande cha kitenge, akanishonea kijimfuko cha kufunga kiunoni, pasipoti ikaingia humo ndani ya mfuko wa nailoni. "Hii isitoke mwilini. Ukioga, iwe mahali unapoiona. Ukisali, iwe mbele yako. Atakayekuomba akutunzie, huyo ndiye."

Uwanja wa ndege wa Madrid, Pilar alinipokea kwa kunikumbatia na kunipiga picha, tena nyingi, nyingine za viatu vyangu.

"Za nini?"

"Za ukumbusho," alisema haraka mno.

Alinipeleka kwa gari hadi Sepúlveda, mji wa mawe uliokaa juu ya kilima, ambako mbio zingeanzia. Mzee wa nyumba ya wageni akanyoosha mkono: pasipoti. Pilar alinieleza kwamba huko kila mgeni huandikishwa, ni sheria. Nikaitoa, lakini sikuiachia. Mzee aliandika huku mimi nimeshika pembe ya pasipoti, na sisi wawili tukatazamana kama watu wanaogombea shuka.

Wakati wa chakula niliwakuta wageni wenzangu. Greet alikuwa muuguzi mstaafu wa Kiholanzi, na Joop mumewe alikuwa mzee mpole mwenye masharubu. Wengine wawili walikuwa marafiki kutoka Ireland, wanaume wanene kiasi na wenye kucheka. Walinipokea kwa heshima iliyonitia wasiwasi. Greet aliniuliza ninakula nini asubuhi. Joop alitazama miguu yangu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona jengo zuri. Mkate ulipobaki kipande kimoja, wote wanne walinisukumia mimi.

Nikala. Lakini nikajiambia, mbuzi wa Idi naye hulishwa hivihivi.

Asubuhi tulitelemka kutoka Sepúlveda kwa njia ya mawe, tukaingia mashambani. Lazima niseme ukweli, nchi ile ni nzuri. Ngano ilikuwa bado kijani, na upepo ulikuwa ukiilaza na kuiinua. Kuta za mawe zilifika magotini. Juu yetu tai wakubwa wa mizoga walizunguka bila kupiga bawa, na mbali kusini ilionekana milima yenye theluji kileleni. Pilar alitangulia na gari la mabegi baada ya kuniwekea ramani kwenye simu. "Wewe kimbia nao tu," alisema.

Nilikimbia. Wao wakakaa nyuma yangu.

Aliyekimbia mitaa ya kwetu ananielewa. Ukisikia nyayo nyuma yako Johannesburg, unampisha mwenye nyayo, au unavuka barabara ukamwone vizuri. Nilipunguza mwendo ili wanipite, nao wakapunguza. Nilisogea kando kabisa, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nao wakasimama wote wanne, wakanitazama ninavyofunga. Mwirlandi mmoja akanirekodi kwa simu. Nikaongeza mwendo, na mara nikazisikia nyayo zao nazo zikiongezeka, pamoja na pumzi zao nzito.

Mchana tuliingia kijiji kidogo ambacho sikushika jina lake. Kulikuwa na kanisa na kisima cha kunyweshea ng'ombe. Kulikuwa pia na mgahawa wenye viti nje, lakini mlango wake umefungwa. Kila dirisha la kijiji lilikuwa limeshushwa pazia la mbao. Hapakuwa na mtoto barabarani, wala mama mlangoni, wala redio. Nyuma ya pazia moja nikaona kitu kikisogea.

Malvern, maduka yetu wahamiaji yakifungwa mchana, ni fujo za kutushambulia zinakuja, na husimami kuuliza. Mtu anapiga mluzi, mabati yanashuka moja baada ya jingine, na mama mdogo anatupa vitenge ndani ya fuko kubwa tunaondoka. Maelezo utayapata jioni, ukiwa umefungiwa ndani salama. Basi miguu yangu ikaamua kabla yangu.

"Tusisimame hapa!" niliwapigia kelele wageni. "Twende, twende!"

"Lakini maji..." Greet alianza.

"Huko mbele!"

Tukakipita kile kijiji kama watu waliochoma nyumba. Sikulegeza mpaka tulipoiona Pedraza mbele yetu, mji wenye ukuta kuuzunguka na lango moja tu. Lango moja! Jiografia yote niliyosoma ikanikumbusha maana ya mahali penye njia moja ya kutokea.

Ndani ya Pedraza, wenzangu walipoanguka kwenye viti vya uwanja mkuu, mimi nilizunguka kutafuta njia nyingine. Sikuipata. Nilichokipata ni sura yangu. Ilikuwa kwenye mlango wa duka la mikate, kwenye karatasi kubwa ya rangi. Ile picha ilipigwa siku ya mbio za Johannesburg, nimeinua mkono, nacheka. Chini yake palikuwa na maneno ya Kihispania. Niliyaelekezea simu, ikanitafsiria: Kimbia Segovia pamoja na bingwa wa Kenya.

Nilisoma tena. Mimi ni mtu wa Tanga. Kenya nimepita kwa basi nikiwa mtoto, nikalala njia nzima. Na ubingwa wangu pekee ni wa kufikiri sana.

Pilar nilimkuta akishusha mabegi.

"Bingwa wa Kenya ni nani?"

Uso ulimwiva. "Ni tangazo tu, Zuhura. Wageni wanapenda. Nani atasafiri kumfuata mtu wa meza ya maji?"

"Wewe ulimfuata."

Akashusha begi jingine.

"Ulinikuta nyuma, Pilar. Hukunikuta mbele."

"Ukiwaambia sasa, watadai pesa zao na mimi nimekwisha. Na kazi yako imekwisha," alisema, kisha akainua begi langu akaniwekea miguuni, taratibu kabisa.

Hapo nilielewa kwamba wiki nzima nimelilinda dirisha, na mlango uko wazi. Nilikuwa nimeishika pasipoti kwa mikono miwili, kumbe jina langu ndilo lililochukuliwa. Nikafikiri, kama ilivyo kawaida yangu. Nikinyamaza, kazi ninayo. Nikisema, nitarudi kwenye vitenge. Lakini nikinyamaza, itanibidi nimkimbie kila mgeni msimu mzima, kila siku, asije akagundua.

Asubuhi, chini ya lango la Pedraza, wageni walikuwa wakijinyoosha na kuugua. Pilar alisimama karibu na gari, funguo mkononi.

"Jamani," nikasema, "mimi si bingwa. Si Mkenya pia. Nimetoka Bellevue, Johannesburg, na kwetu ni Tanga. Mbio zangu ni za kawaida. Jana nilikimbia vile kwa sababu nyinyi mlikuwa mnanifukuza."

Wakaacha kujinyoosha.

"Sisi tulikuwa tunakufukuza?" Greet aliuliza. "Binti, tulikuwa tunakufuata! Tuliambiwa tumfuate bingwa!"

"Nilitapika nyuma ya kanisa," Joop alikiri kwa upole. "Nikajiambia, ndivyo wanavyofanya mazoezi Kenya."

"Na kile kijiji," Mwirlandi wa simu akadakia, "mgahawa tuliupita kama wezi. Kwa nini?"

"Madirisha yalifungwa. Nilidhani kuna fujo."

Pilar ndiye aliyeanza kucheka, kwa kichwa chini. "Walikuwa wamelala, Zuhura. Kila mchana, baada ya kula, wanalala."

Greet hakucheka. Alimgeukia Pilar kwa sauti ya wodini. "Wewe, lile tangazo utalitoa leo hii. Na wewe, binti, utakaa wapi leo?"

"Nyuma," nikasema.

Basi safari ya kuingia Segovia niliifanya wa mwisho, pamoja na Joop na goti lake lililovimba. Tulitembea kila njia ilipopanda. Tulikaa kwenye kivuli cha miti ya poplari tukala jibini, na kijiji kilipofunga madirisha nasi tulilala kwenye nyasi. Jioni tulilifikia daraja la kale la kupitishia maji, lililojengwa na Warumi, matao juu ya matao, mawe yaliyopangwa bila saruji. Joop aliniuliza nini kinalizuia lisianguke. Nilimwambia kila jiwe linalielemea jirani yake. Wale watatu walikuwa wakitungoja chini yake pamoja na Pilar, wakipiga makofi.

Uwanja wa ndege, Pilar alinipa pendekezo jipya. Kazi ni ileile, ila kukaa nyuma na wanaochelewa, kwa jina langu na picha ninayoichagua mimi. Alihitaji nakala ya pasipoti ili aniombee kibali. Nilimwambia nitafikiri nikifika nyumbani.

Bellevue, mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho. Alikagua kijimfuko kwanza, kisha mimi.

"Kwa hiyo ni kazi ya kuwa wa mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

"Eish! Na sisi tunaharakia nini?"

Alikuwa amesema ukweli kuliko alivyokusudia. Nimejifunza kwamba tahadhari inafaa, ila inataka kuelekezwa mahali pake. Macho yangu yalikuwa kwa mzee wa kuandikisha wageni, kwa Greet na kwa madirisha ya watu waliolala. Tangazo lilikuwa mlangoni, mchana kweupe.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la intaneti la Mkongo mmoja Rockey Street. Nilifungua kijimfuko, nikatoa pasipoti, nikaiweka kando ya mashine ya kunakili kwa mkono wangu.

"Iache hapa, dada," alisema mwenye duka. "Kuna foleni. Utarudi kuichukua."

"Hapana, kaka. Nitasubiri."

"Unaogopa nini? Huniamini?"

"Nakuamini," nikasema, nikiwa nimeshika pembe ya pasipoti. "Itume huku nikiangalia."

Akamtumia Pilar nakala yake.