Radhi Ambayo Heshmat Hakuipata

Heshmat aliuza samawari na taa katika soko la Kerman, duka lake likitazamana na langu la kushona mafarishi ya kulalia. Kwa miaka mingi sikumjua kuwa na tamaa yoyote ila ya kusikilizwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzuri, na mteja aliyeingia kununua utambi alitoka na hotuba. Ndipo Mfalme alipovunja vyama vyote akaanzisha kimoja chake, na ikatangazwa kwamba asiyekitaka achukue pasipoti aondoke nchini. Sisi wenye maduka tulijipanga kujiandikisha kama watu wanaongoja mkate. Mimi nilitia sahihi huku nakunja uso, na Heshmat alitia yake huku akitabasamu.

Tawi la sokoni lilihitaji mwenyekiti, na nani mwingine angepewa? Akapata meza, bango na beji ya kifuani. Akaanza kutembea mikono nyuma.

"Mheshimiwa," nilimtania, "sisi raia wadogo bado tunaruhusiwa kukusalimia?"

"Leteni maombi kwa maandishi," alijibu, akacheka mpaka beji ikatikisika.

Sitamsingizia. Alikiamini Chama kwa moyo mweupe. Alidhani kwamba maadamu sote tumo ndani, basi hakuna tena wa kutuonea. Alihangaika mpaka mtaro wetu, uliokuwa ukinuka tangu enzi za babu zetu, ukafunikwa, nasi tukamsifu kwelikweli.

Duka la tatu kutoka kwake lilikuwa la Yadollah, muuza chai na sukari. Tulimwita Mash kwa sababu alishazuru mji mtakatifu wa Mashhad. Wawili hao walikua pamoja, na asubuhi walikunywa chai kwenye benchi moja kabla ya kufungua. Yadollah alikuwa mpole wa kukera, na akikupimia sukari lazima aongeze konzi juu.

Kiangazi hicho bei zilipanda, na serikali, badala ya kujitazama yenyewe, ikaona wakosaji ni sisi. Chama kikawakusanya wanafunzi, kikawapa bei zilizopangwa huko Tehran, kikawamwaga masokoni. Waliofika kwetu walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Mzee, tuanze na duka gani?"

Nilikuwa kizingitini kwangu, nikamwona akifikiri. Akawapeleka kwa Yadollah. Baadaye watu walisema alifanya kwa kijicho. Wapumbavu hao! Aliwapeleka kwa Yadollah kwa sababu katika soko zima huyo ndiye ambaye Heshmat aliamini hatakutwa na kosa. Alitaka vijana waone mfanyabiashara safi, waridhike, warudi zao.

"Mash Yadollah," alisema akicheka, "nimekuletea wageni. Waonyeshe jinsi mtu mwaminifu anavyouza."

"Karibuni, karibuni, wanangu. Mguu wenu juu ya macho yangu," akasema Yadollah, akaanza kuwamiminia chai.

Wakainywa chai yake, kisha wakaangalia bei. Bei ya sukari iliyotoka Tehran ilikuwa chini kuliko ile ambayo Yadollah mwenyewe alinunulia kwa jumla, na hakuna aliyetaka kusikia hilo. Duka likafungwa kwa lakiri, na mlangoni likatundikwa tangazo kwamba hapa palikuwa pa mlanguzi. Heshmat alikimbia tawini, akaenda kwa gavana, akapiga simu mpaka sauti ikamkauka. Huko ndiko alikojua kwamba mwenyekiti si lolote si chochote. Yadollah alipelekwa uhamishoni Baluchestan, na kabla hajaruhusiwa kurudi mama yake akafariki. Tulimzika sisi. Heshmat alishika jeneza kwa mbele. Hakuna aliyemzuia, ila hakuna aliyesimama karibu naye.

Chama chenyewe hakikudumu. Watu walipoingia barabarani kumpinga Mfalme, wakubwa wa Chama ndio waliokuwa wa kwanza kukikana, na Mfalme aliyekizaa akakiacha kife. Heshmat alibaki na ufunguo wa tawi, hajui amkabidhi nani. Kisha vijana wakaja na petroli kulichoma duka lake. Aliyetoka kusimama mlangoni ni Yadollah, aliyekwisha kurudi, amekonda hata koti linampwaya.

"Chomeni," aliwaambia, "lakini mwanze na mimi. Na huo moto ukishika mafarishi ya huyu jirani, mtalalia nini, enyi watoto wa mbwa?"

Wakatawanyika. Heshmat alidhani yamekwisha, nami nilidhani hivyo.

Miaka ilipita, jina lake likatoka miongoni mwa wanaokwenda Hija. Mtu hafungi mzigo wa Makka bila kuwapitia watu kuwaomba radhi. Nilizunguka naye soko zima, kila mmoja akimpa halali yake, na Heshmat akamweka Yadollah mwisho. Yadollah aliinuka, akampisha kwenye mto mzuri, akamimina chai.

"Mash Yadollah, nimekuja unihalalishe."

"Lo, Agha Heshmat! Nikuhalalishe nini? Wewe ni taji la kichwa changu. Kunywa, chai inapoa."

"Nakuomba radhi."

"Mimi ndiye mwenye kasoro. Uniombee huko."

"Yadollah!" Ile sauti nzuri ikapasuka. "Acha adabu zako. Nitukane, nipige kiatu, lakini usiniite taji. Umenisamehe au hukunisamehe?"

Yadollah aliweka birika chini. Alipofungua kinywa, ule "Agha" wa heshima haukuwamo tena.

"Sijaweza, Heshmat. Najua hukukusudia, najua kuliko wote. Kila Alhamisi nakwenda kaburini kwa mama nikiwa na nia ya kukusamehe, na nikifika nakuona ulivyokuwa ukicheka siku ile, nashindwa. Nikikwambia yamekwisha, utakwenda kwa Mungu na uongo wangu. Nipe muda."

Heshmat akambusu begani. "Chukua," alisema. "Chukua muda wote."

Nafasi yake ya Hija akamwachia mtu mwingine. Nilimkasirikia, nikamwambia deni la ibada haliwekwi rehani kwa muuza sukari. Aliendelea kungoja, na kila Ijumaa alimpa Yadollah mkono msikitini, wakatazamana, wakaachana.

Yadollah alikufa kwa mshtuko wa moyo majira ya baridi yaliyofuata, akiteremsha mlango wa duka. Neno lile hakulisema. Baada ya arobaini wanawe walikwenda nyumbani kwa Heshmat, nami nikiwepo, na sinia la vitumbua vya tende, wakamwambia wamemsamehe kwa niaba ya baba yao, aende Hija kwa amani.

Aliwashukuru, akawasindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaketi palepale kizingitini, akanitazama.

"Wana adabu kama baba yao," alisema, akalia.